Kosa ni elfu thelathini, iwe taa au breki

Barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma ina zaidi ya kilomita 900, na dereva wa lori anaijua kwa majina ya mizani kuliko kwa majina ya miji. Vigwaza, kabla hujafika Chalinze. Mikese. Mikumi. Wenda, ukishaiacha Iringa mjini. Makambako. Uyole. Mpemba, Tunduma ikiwa pua na mdomo. Kati ya mizani na mizani wamo askari wa usalama barabarani: wa tochi, yaani kifaa cha kupimia mwendo, wamekaa mahali mteremko unapoingia kijijini, wa ukaguzi wamesimama penye kivuli na nafasi ya kuegesha gari refu. Mkono ukinyooshwa, dereva anakanyaga breki, upepo unatoka kwa kishindo, utingo anaruka chini na bahasha ya nyaraka.

"Dereva, tela lako upande wa kushoto lina riflekta moja pungufu."

"Afande, Morogoro nilikuwa nayo. Imebanduka njiani."

"Sawa, lakini sasa haipo. Nakuandikia."

Shilingi 30,000. Mwendo wa saa mbili mbele anasimamishwa tena, safari hii na askari ambaye hana habari ya yule wa kwanza, naye anaona kingine: mpira wa madigadi umechanika, au taa ya kumulika namba ya nyuma haiwaki. Elfu thelathini nyingine. Akifika Mpemba ameshalipia vitu viwili ambavyo fundi wa gari angevimaliza kwa nusu saa, na hakuna hata mmoja wa waliomsimamisha aliyeinama kuangalia chini ya tela.

Wasiopanda malori husikia malalamiko haya na kuyafupisha: madereva hawapendi kukaguliwa. Si kweli. Mtu anayeshuka Kitonga, ule mteremko mkali wa Iringa, na tani 30 za shaba mgongoni ndiye wa kwanza kutaka breki zikaguliwe, kwa sababu zikigoma, wa kwanza kufa ni yeye. Kinachomchoma ni jinsi ukaguzi wenyewe ulivyofungwa: mambo yenye uzito tofauti yametiwa kwenye kapu moja, yakapewa bei moja, na ankara akapewa mtu ambaye gari si lake. Tulifungue kapu hilo.

Mkono mmoja, sheria nne

Neno "ukaguzi" limebeba mambo manne. La kwanza ni usalama wa chombo na mwendo wake, nalo linatoka kwenye Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, chini ya Jeshi la Polisi. La pili ni uzito. Hilo ni la TANROADS, wakala wa barabara, kwenye mizani, na tangu 2019 linaongozwa na sheria ya pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari. La tatu ni leseni ya usafirishaji, ambayo ni ya LATRA, mamlaka iliyorithi kazi za SUMATRA za usafiri wa nchi kavu mwaka 2019. La nne ni mzigo wenyewe: TRA, watu wa kodi, wanaufuatilia mzigo wa transiti, yaani unaopita kwenda nchi jirani, usije ukashushwa ndani ya nchi bila kodi, na watu wa misitu wanataka kuona kibali cha mbao na mkaa.

Kila moja lina sababu ya kuwepo. Ila sababu hizo hazifanani, na wanaozisimamia hawana daftari moja. Aliyekukagua saa nne asubuhi hana njia ya kumwambia wa saa kumi jioni kwamba gari hili nimelipitia, liko sawa. Kwa hiyo kila kituo kinaanza upya, kama vile lori limezaliwa pale. Kwa dereva yote ni kitu kimoja: kusimamishwa. Akirudi nyumbani na hasira hatenganishi aliyemkuta na ekseli iliyozidi na aliyemkuta na stika iliyopauka. Sisi tukitaka kumwelewa lazima tutenganishe.

Bei moja

Sheria ya Usalama Barabarani inampa askari njia mbili anapokukuta na kosa. Ya kwanza ni kukupeleka mahakamani. Ya pili ni kukuandikia notisi ya faini: unakiri kosa, unalipa kiwango kilichowekwa, mambo yanaishia hapo bila hakimu. Njia hii ya pili iliwekwa kwa nia njema. Hakuna nchi inayoweza kumpandisha kizimbani kila aliyesahau mkanda.

Kiwango kilichozoeleka ni shilingi 30,000 kwa kosa moja. Mwaka 2021, kwenye bajeti ya mwaka wa fedha 2021/22, serikali iliwapunguzia bodaboda na bajaji hadi 10,000. Ilionekana si haki mwenye pikipiki atozwe sawasawa na mwenye gari kubwa. Hoja ile ilikuwa sahihi, lakini iliishia nusu ya njia. Ilitazama ukubwa wa chombo, haikutazama ukubwa wa hatari. Ndani ya lori moja bado taa ya kumulika namba ni 30,000 na tairi la mbele lililokwisha hadi nyuzi kuonekana ni 30,000. Tochi ikikunasa na 54 mahali pa 50, bei ni ileile ya aliyenaswa na 90. Na makosa huhesabiwa kimoja kimoja, kwa hiyo lori lenye breki nzuri na vitaa viwili vilivyoungua linalipa mara mbili ya lori lenye taa zote na breki mbovu ambayo hakuna aliyeiona.

Tochi ina adha yake ya ziada. Magari yanayozidi kilo 3,500 yana mwisho wa kilomita 80 kwa saa kwenye barabara ya wazi, na kilomita 50 penye makazi. Kibao cha 50 unakiona. Cha kukwambia makazi yameisha wakati mwingine kimeng'olewa au kimefunikwa na majani. Aliyekupiga tochi humuoni. Picha inarushwa kwa simu hadi kwa askari aliye mbele, naye ndiye anayekusimamisha na kukuonyesha. Dereva anatazama picha ya gari lake lililopita mahali asipopakumbuka, na hana la kubishana nalo.

Linganisha na Kenya. Kanuni za makosa madogo ya barabarani zilizotangazwa huko mwaka 2016 zilipanga faini kuanzia shilingi 500 hadi 10,000 za Kenya, kulingana na kosa. Kwenye mwendo walikata ngazi kabisa: ukizidisha kwa kilomita 1 hadi 5 unaonywa, 6 hadi 10 ni shilingi 500, 11 hadi 15 ni 3,000, na 16 hadi 20 ni 10,000. Wakenya nao wana malalamiko yao, na mengi tu, lakini karatasi ile angalau inamwambia dereva kwamba serikali inajua kuteleza kidogo si sawa na kukimbiza gari. Bei ni lugha. Ukitoza kila kitu sawa, umemfundisha mtu kwamba kila kitu ni sawa.

Ile notisi nayo ina fundo ndani yake. Kuipokea ni kukiri. Sheria inakuruhusu kukataa na kusema nipelekeni mahakamani nikajitetee. Kwenye karatasi haki hiyo ni kubwa. Barabarani haifiki mbali: kesi itasikilizwa mahali ulipokamatwa, tuseme Iringa, na wewe wiki ijayo unatakiwa uwe Lubumbashi. Tajiri, yaani mwenye gari, anapiga simu kuuliza gari liko wapi. Kampuni ya meli inahesabu siku za kontena lake, na kila siku ya kuchelewa ina tozo. Hata dereva aliye na uhakika asilimia mia kwamba hana kosa anapiga hesabu na kusema, andika, afande, niende. Mfumo unahesabu kukiri kwake kama ushahidi kwamba alikosa. Mimi naona ni ushahidi wa kwamba hakuwa na muda.

Pale pale, kati ya elfu 30 yenye risiti na haraka ya kuondoka, ndipo rushwa inapopata mlango. Sheria ya kuzuia rushwa inamshika anayepokea na anayetoa, wote wawili. Ila mtu anayejua kwamba hata akilipa kihalali bado atasimamishwa tena mbele kwa riflekta ileile, bila karatasi ya kumwokoa, atashawishika. Kutoa ni kosa, sisemi vinginevyo. Nasema tu kwamba ukaguzi usioacha kumbukumbu inayoheshimiwa na askari wa mbele unaifanya risiti isiwe na thamani zaidi ya noti iliyokunjwa.

Deni linafuata namba ya gari

Siku hizi faini inaandikwa kwa mashine, unapewa namba ya malipo, unalipa benki au kwa simu. Mtu yeyote anaweza kuingia kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari na kuona madeni yake. Ni maendeleo ya kweli; fedha haipiti tena mkononi. Lakini deni limekaa kwenye namba ya gari, na madereva wa malori huhama. Unakabidhiwa gari Jumatatu, Jumatano unasimamishwa Mikumi na kuambiwa gari lina faini tatu za miezi iliyopita, ambazo hazikulipwa kwa wakati na sasa zimeongezeka. Aliyezifanya yuko kampuni nyingine. Tajiri anasema tumia posho yako, nitakurudishia.

Hapo tumefika kwenye kiini. Makampuni mengi humpa dereva fedha ya safari kwa mkupuo: chakula, kulala, ushuru mdogomdogo, dharura. Faini inatoka humo. Kinachobaki ndicho anachopeleka nyumbani. Kwa mpangilio huu, mwenye gari aliyekataa kununua tairi kule gereji, akasema "litavumilia safari moja", hasikii maumivu ya kosa lake. Anayeyasikia ni aliyeomba tairi akanyimwa. Sheria inamgusa pia mwenye kuruhusu gari bovu litembee, lakini barabarani mwenye gari hayupo. Yupo dereva, na mashine ya kutoa faini iko mkononi mwa askari, basi.

Tarehe 10 Aprili 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma nchi nzima, na abiria wakakwama kituo cha Ubungo. Kilichosikika zaidi ni agizo la kurudi chuoni kila wanapohuisha leseni, na tochi. Ila walidai pia mikataba ya ajira. Wengi waliona hilo ni dai la kando lililodandia mgomo. Kwa maoni yangu lilikuwa ndilo shina: bila mkataba hakuna mahali palipoandikwa kwamba ubovu wa gari ni gharama ya mwenye gari na mwendo wa kasi ni gharama ya dereva. Ukitenganisha hayo mawili kwa maandishi, nusu ya ugomvi wa barabarani unahamia ofisini, unakostahili kuwa.

Kinachoonekana na kinachoua

Sasa tuinuke kwenye fedha, tuingie chini ya tela, kwa sababu ubaya wa mfumo huu si uonevu peke yake.

Breki za lori ni za upepo. Ukikanyaga, hewa inaingia kwenye chungu cha breki, inasukuma fimbo, fimbo inazungusha mkono, mkono unasukuma viatu vya breki vishike ngoma ya gurudumu. Kadiri nyayo za viatu zinavyolika, fimbo inatembea safari ndefu zaidi kabla ya kushika. Safari hiyo ina mwisho. Fimbo ikikaribia mwisho wake, nguvu inapungua ghafla, na dereva barabara tambarare hahisi kitu. Kanyagio ni ileile, gari linasimama kama kawaida. Tofauti inaonekana kwenye mteremko mrefu. Breki zinachemka, ngoma ya chuma inatanuka kwa joto na kukimbia mbali na viatu, na zile sentimita chache za akiba zinakwisha. Dereva anakanyaga, upepo upo, mlio upo, gari haliitikii.

Ubovu huo hauonekani kwa mtu aliyesimama pembeni ya barabara na kizibao cha njano. Ili kuupata unaweka vizuizi kwenye matairi, mtu mmoja anakaa kwenye kichwa na kukanyaga breki, mwingine anaingia chini na chaki na rula, anapima fimbo imetoka kiasi gani kwenye kila gurudumu. Inahitaji mahali pakavu na tambarare, watu wawili na muda. Amerika ya Kaskazini, ukaguzi kamili wa barabarani una hatua 37, na kupima fimbo za breki ni sehemu yake. Kwenye ukaguzi wa huko, breki ndizo zinazoongoza kwa kuyazuia magari yasiendelee na safari.

Kwa sababu kuingia chini ni kazi, na kusimama pembeni ni rahisi, ukaguzi wetu umeegemea kwenye vinavyoonekana kwa macho: taa, riflekta, madigadi, turubai, stika, mtungi wa kuzimia moto, pembetatu. Askari ana saa chache na magari mengi. Anakagua anachoweza kukiona. Matokeo yake lori linaweza kutoka Tunduma hadi Dar likiwa limesimamishwa mara kumi, limeandikiwa mara nne, na bado likawa na fimbo sita za breki zilizofika mwisho. Mwenye gari naye anajifunza kutokana na anachotozwa: ananunua riflekta mpya zinazong'aa, viatu vya breki vinasubiri.

Sitaki nieleweke kwamba riflekta ni kitu cha kudharau. Lori lililoharibika usiku katikati ya barabara, bila taa, bila viakisi mwanga, limeshaua familia nzima zilizokuwa kwenye gari dogo nyuma yake. Tumezoea kuona matawi ya miti yametupwa lamini kama onyo kwamba mbele kuna gari bovu, na mazoea hayo ni ushahidi wa ni mara ngapi pembetatu haikuwepo. Madereva wanaosema "ni riflekta tu" hawajawahi kukutana na tela jeusi usiku wa mvua wakiwa na Noah. Lakini kuna tofauti kati ya tela lisilo na riflekta hata moja na tela lenye kumi na mbili ambalo moja imebanduka. La kwanza lisiondoke pale lilipo. La pili liambiwe likabandike nyingine Iringa.

Mizani, ambako hesabu ni kali kwa haki

Kwenye uzito nitakuwa upande wa serikali kwa sehemu kubwa, na dereva anivumilie.

Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu lori lenye mzigo lisizidi tani 56 kwa jumla. Ekseli ya usukani tani 8; ekseli moja yenye matairi manne tani 10; mbili zilizofuatana tani 18; tatu zilizofuatana tani 24. Watu huuliza kwa nini mizani inahangaika na ekseli wakati jumla haijazidi. Jibu linatoka kwenye majaribio yaliyofanyika Ottawa, jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960. Malori yenye uzito tofauti yalizungushwa mchana na usiku kwenye barabara za majaribio hadi zikabomoka. Ilionekana kwamba uharibifu haupandi sambamba na uzito wa ekseli. Unapanda kwa takribani kipeo cha nne. Ekseli ya tani 12 mahali pa tani 10 imeongeza uzito kwa asilimia 20, lakini inaibomoa barabara mara mbili zaidi. Lami haijui jumla ya gari. Inajua tu gurudumu lililo juu yake wakati huo.

Ndiyo maana ugomvi wa Oktoba 2013 ulikuwa mkali. John Magufuli, wakati huo Waziri wa Ujenzi, alifuta nafuu ya asilimia 5 iliyokuwa ikitolewa kwenye mizani. Nafuu ile ipo kwa sababu mizani si kitu kisichokosea na mzigo hucheza njiani. Hoja yake ilikuwa kwamba wasafirishaji wameigeuza sehemu ya mzigo, wanapakia wakiihesabu. Wenye malori wakasimamisha magari, barabara ikajaa, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaingilia kati na kusitisha agizo. Kila upande ulikuwa na ukweli wake. Kwenye ekseli tatu za tani 24, asilimia 5 ni kilo 1,200, yaani magunia 12 ya kilo mia. Mfanyabiashara akiyaona magunia 12 ya bure kila safari hatayaacha. Na mizani mbili zikitofautiana kwa kilo mia mbili, dereva aliyepita salama Vigwaza atakwama Mikese bila kuongeza hata chupa ya maji.

Mahali ambapo dereva ameonewa kabisa ni kwenye kontena lililofungwa. Tangu Julai 2016, kanuni za kimataifa za usalama wa meli zinataka kila kontena lipimwe uzito kabla ya kupakiwa melini. Vizuri, jumla inajulikana. Lakini hakuna anayeandika uzito umekaa upande gani ndani. Aliyepakia kule kiwandani ameweka mashine nzito mlangoni na maboksi mepesi mbele. Kontena lina lakiri ya forodha. Mizani inasema ekseli za nyuma zimezidi, jumla ni tani 52. Dereva aondoe nini? Akivunja lakiri ni kosa kubwa kuliko la uzito. Anaegesha, anapiga simu, anasubiri ofisi zikubaliane, na siku inapita. Aliyepakia vibaya hayumo hata kwenye mazungumzo. Mzigo wa kichele, kama mahindi, angalau unaweza kusawazishwa kwa sepetu. Kontena halina sepetu.

Ngazi tatu

Wanaofanya kazi hii kwa utaratibu ulionyooka hugawa ubovu katika ngazi. Kuna ubovu unaoandikwa na kupewa muda wa kutengenezwa. Kuna kosa linalotozwa. Kuna ubovu ambao gari halisogei hata mita moja hadi fundi aje, na hapo fedha haisaidii. Huwezi kulipa kisha ukaendelea na breki ileile. Hii ya tatu ndiyo tunayoihitaji kuliko zote, na ndiyo faini ya papo kwa papo imeififisha. Kulipa 30,000 kwa tairi kipara kisha kuruhusiwa kwenda nalo hadi Tunduma kumegeuza faini kuwa nauli ya ubovu.

Kitu kingine kizuri wanachofanya Amerika ya Kaskazini ni kwamba lori likipita ukaguzi kamili bila dosari za maana hubandikwa stika inayodumu hadi miezi mitatu, na wakaguzi wa mbele kwa kawaida huiheshimu. Madereva wa huko bado wananung'unika, kwa sababu Marekani, tangu 2010, hata taa iliyoungua inaandikwa kwenye alama za kampuni na kuifuata kwa muda mrefu. Lakini alama zinakwenda kwa kampuni, kwa mwenye gari. Hapo ndipo maumivu yanapotakiwa kufika.

Kwetu wazo hili si geni. Ushoroba wa Kati, ule wa mizigo inayotoka bandari ya Dar kwenda nchi jirani, ulishapanga vituo vya ukaguzi wa pamoja Vigwaza, Manyoni na Nyakanazi, ambako polisi, mizani na forodha wangekuwa kwenye uzio mmoja, lori likaguliwe mara moja na taarifa isafiri nalo. Majengo peke yake hayatatosha kama askari wa mbele hatabanwa kuiheshimu karatasi ya wa nyuma. Na kama karatasi ile itahesabu riflekta na kusahau fimbo za breki, tutakuwa tumejenga uzio mzuri kuzunguka tatizo lilelile.

Anayetoka Dar anaipanda Kitonga. Anayetoka Zambia na shaba ndiye anayeishuka. Kabla ya kushuka anapita Ilula, kwenye nyanya na vitunguu vilivyopangwa kando ya barabara, na malori mengi husimama hapo breki zipoe na utingo agonge matairi kwa rungu akisikiliza mlio. Pale pana watu, pana mafundi, na gari limeshasimama lenyewe bila kunyooshewa mkono. Askari wawili, chaki moja, rula moja. Anayekutwa na fimbo iliyofika mwisho asiandikiwe chochote. Alale Ilula hadi fundi amalize.